Kanga Isiyo na Jina

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi Baraka, niko na dada yangu Mwanaidi, ambaye leo ni mwenyeji na mgeni kwa pamoja, maana riwaya yake iko njiani kwenda kiwandani. Anaichapisha mwenyewe, kwa hela yake. Dada, shikamoo.

MWANAIDI: Marahaba. Hela yangu na ya kikoba, tuseme ukweli.

BARAKA: (anacheka) Haya. Kabla ya yote uliwapa watu mswada wausome. Wangapi?

MWANAIDI: Saba. Wawili wa kwanza, marafiki zangu, wamenipotezea mwezi mzima. Wamerudi na neno moja tu: "Hongera!" Sasa hongera nitaifanyia nini? Kwetu sisi, mtu akikwambia sura ya tatu inachosha anaona kama amekutukana mbele za watu.

BARAKA: Ukafanyaje?

MWANAIDI: Nikaacha kuuliza kama kimependeza. Nikawa nauliza, "Usingizi umekuchukua ukurasa wa ngapi?" Hapo hakuna wa kuona haya, nani asiyelala? Kati ya watano waliobaki, watatu wamelala palepale, ukurasa wa 61, kwenye kikao cha mirathi. Mmoja akanishauri niweke ajali ya gari ili watu wachangamke. Sikuweka. Panapouma anapajua yeye, lakini dawa natafuta mimi. Nikapunguza kikao, basi.

BARAKA: Na yule wa Mombasa?

MWANAIDI: Wee! Nimeandika wanawake wameketi barazani "wanapeana ubuyu." Ananitumia ujumbe: "Mbona hawaumung'unyi?" Kwake ubuyu ni ule mwekundu wa kutia mdomoni, umbea wala haukumjia. Neno sikulitoa, ni letu. Nimeongeza tu mwanamke mmoja ainame, ashushe sauti. Akasoma tena, akaelewa.

BARAKA: Jalada sasa. Nasikia lilikutoa jasho.

MWANAIDI: Kosa langu. Msanii nilimwita mapema, kitabu kikiwa na kurasa 180. Akatengeneza lote: mbele, mgongo, nyuma. Halafu wasomaji wakataka kujua kaka mtu aliishia wapi, nikaandika, kitabu kikafika 212.

BARAKA: Kurasa 32 tu, dada.

MWANAIDI: Ndiyo karatasi 16 hizo. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Piga hesabu: mgongo umenenepa milimita moja na nusu na ushee. Sampuli imekuja, rangi ya mbele imepanda mgongoni na jina la kitabu limeegemea upande mmoja kama mlevi. Picha ya mbele anza nayo hata leo, ila mgongo usubiri mpaka wewe mwandishi umegoma kabisa kuongeza neno.

BARAKA: Na rangi?

MWANAIDI: Bluu ya usiku kwenye simu, jivu kwenye karatasi. Kioo kina mwanga, wino hauna. Hilo msanii alilirekebisha siku hiyohiyo. Lililotuweka ni kanga.

BARAKA: Kanga gani?

MWANAIDI: Jaladani yuko mwanamke amesimama, ametupa mgongo, amejitanda kanga. Pindo lipo, mji upo, kazi safi. Nikampelekea shangazi, msomaji wangu wa saba. Jina la kitabu hakulitazama hata kidogo. Akavaa miwani, akasogeza karatasi: "Mwanaidi, kanga hii mbona haina jina?"

BARAKA: Lahaula! Kanga bila maneno yake!

MWANAIDI: Mimi na msanii tuliitazama picha ile wiki tatu, hatukuona! Na mwanamke wangu ndiye shahidi pekee wa mauaji, hajafungua mdomo kitabu kizima. Usiku ule nikapata: "Nimeyaona, nimenyamaza."

BARAKA: Aisee. Yaani fumbo lote liko mgongoni mwake.

MWANAIDI: Na asiyesoma kanga atalipita. Marekebisho tuliyokubaliana na msanii yalikuwa mawili, hili la tatu nimelilipia. Jasho lake.

BARAKA: Shangazi anasemaje sasa?

MWANAIDI: Anaidai kanga. Nimwambie haipo dukani, ni mchoro, anajibu nikaichapishe, si nishajua njia ya kiwandani.

BARAKA: Na riwaya yenyewe?

MWANAIDI: Amelala ukurasa wa 61.