"Fact": neno lililopitia kizimbani

Mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi wa sheria na wa uandishi wa habari, asanteni kwa kunialika.

Neno nililoombwa kulizungumzia ni la Kiingereza, herufi nne tu: fact, yaani jambo la hakika. Vijana wetu hulirusha mitandaoni wakitaka kufunga mjadala, na likishatajwa, anayeendelea kubisha huonekana mkaidi. Mimi nasema mamlaka hayo halikuzaliwa nayo. Liliyapata mahakamani, na huko liliingia likiwa na damu mikononi.

Asili yake ni Kilatini. Facere ni kutenda, au kutengeneza. Kilichokwisha kutendwa ni factum. Waingereza wa karne ya 16 walipolitumia walimaanisha tendo, na mara nyingi tendo ovu. Katika Macbeth ya Shakespeare, baada ya mfalme Duncan kuuawa, Lennox anatamka "damned fact". Ukimsoma kwa Kiingereza cha leo utashangaa anailaani taarifa gani. Anaulaani uuaji. Ndugu wa neno hili ni wengi. Feat, tendo la kishujaa, lilipitia Ufaransa. Factory mnalijua. Na fetish limetokana na feitiço, neno la Wareno lililoenea kupitia biashara yao kwenye pwani ya Afrika Magharibi, wakiviita hivyo vitu vitakatifu vya wenyeji, yaani vitu vya kutengenezwa tu. Dharau ile nayo ina mzizi uleule wa facere.

Sasa tuingie mahakamani. Mawakili wa Uingereza walitenganisha maswali mawili. Je, Juma alimchukua ng'ombe yule usiku ule? Hilo ni swali la fact. Je, kuchukua kwa namna hiyo ni wizi? Hilo ni la sheria. La pili aliamua jaji. La kwanza waliachiwa wazee wa juri, watu kumi na wawili wa kawaida, baada ya kuwasikiliza mashahidi. Tazameni vizuri: fact hapo ni jambo linalodaiwa kuwa lilitendeka, na bado halijathibitishwa. Linaweza kuwa uongo mtupu! Neno lenyewe halikuwa na uzito wa ukweli, uzito uliletwa na ushahidi.

(Hapa kwetu mpango huo haukuja wote. Katika Kenya ya ukoloni, juri ilikuwa haki ya Wazungu. Mwafrika alipata wazee wa baraza, waliotoa maoni ambayo jaji aliweza kuyakataa. Kwa hiyo swali la nini kilitendeka, ambalo Mwingereza kwao alilikabidhi kwa jirani wa mshtakiwa, huku lilibaki mikononi mwa serikali.)

Kutoka mahakamani neno likahamia maabara. Mwaka 1660 mjini London ilianzishwa jumuiya ya wanasayansi iitwayo Royal Society, na kaulimbiu yake ya Kilatini, Nullius in verba, yaamuru usikubali jambo kwa sababu tu fulani kasema. Mwaka huohuo Robert Boyle alichapisha majaribio yake ya pampu ya kunyonya hewa. Ndege alifungiwa ndani ya chombo cha kioo, hewa ikatolewa, ndege akalegea. Boyle alijuaje kwamba watu watamwamini? Alifanya kama wakili. Aliwaita mashahidi, waheshimiwa wa mji, watazame kwa macho yao. Jambo lililoshuhudiwa hivyo akaliita matter of fact. Mafundi waliotoa jasho kwenye pampu hawakuhesabiwa sana katika ushahidi, ingawa nadhani wao ndio walioona kwa karibu zaidi. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes hakuridhika. Mwaka 1661 aliandika kwamba pampu inavuja, na kwamba mkutano usiomruhusu kila mtu kuingia hauwezi kudai umeshuhudia kwa niaba ya wote. Kwa hoja hiyo ya pili mimi niko upande wa Hobbes.

Basi ndivyo tendo la mhalifu lilivyogeuka tukio la kushuhudiwa, na baadaye jambo la hakika lisilohitaji hata shahidi. Januari 2017 Kellyanne Conway, mshauri wa Rais Trump, alizungumzia "alternative facts", yaani facts mbadala, kwenye televisheni, na dunia ikacheka. Kicheko kilikuwa halali. Lakini wakili wa karne ya 16 asingeona ajabu kwamba kila upande umekuja na facts zake. Angeuliza tu mashahidi wako wapi.

Maana ya kale haijafa, nanyi wanafunzi wa sheria mtakutana nayo kazini. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika, zote za mwaka 1930, zinamtaja kwa Kiingereza mtu aitwaye accessory after the fact: yule anayemficha au kumsaidia mhalifu akwepe adhabu, hali akijua alichotenda. Tangu mwaka 2021 lugha ya sheria na mahakama Tanzania ni Kiswahili, kwa hiyo kifungu hicho si cha kusoma tu, ni cha kutafsiri. Atakayeandika "baada ya ukweli" atakuwa amemshtaki mtu kwa jambo lisiloeleweka. "Baada ya kosa" inatosha. Kama kuna mwenye pendekezo bora, kipaza sauti kiko pale kati, karibuni.