Ndizi Tatu Si Kipimo

Asanteni, kaeni. Walio nyuma sogeeni karibu, maana mezani kuna mizani na nataka kila mtu aisome namba kwa macho yake. Kule kwenye oveni kuna trei mbili za mafini ya ndizi, yaani keki ndogo ndogo za vishimo. Tutazirudia.

Jambo langu ni lile lile la siku zote: acheni kuhesabu ndizi. Zipimeni. Unga unaandikiwa gramu, sukari gramu, mafuta mililita. Ikifika zamu ya ndizi, kitu kizito kuliko vyote bakulini, tunaambiwa "ndizi tatu zilizoiva". Tatu zipi?

Tazameni. Hii kubwa, pamoja na ganda lake, ni gramu 195. Naimenya. Naiweka tena. Gramu 128. Hii ndogo ina gramu 108 na ganda, imemenywa, 70. Kwa hiyo kwanza muone kwamba karibu theluthi nzima ya uzito ni ganda mnalolitupa. Halafu fanyeni hesabu. Tatu za ukubwa huu ni gramu 384. Tatu za udogo huu ni 210. Mapishi ni yale yale, maneno ni yale yale, "ndizi tatu", na tofauti ni gramu 174. Ndizi mbivu ni maji kwa kiasi cha robo tatu hivi. Maana yake, kati ya mwokaji wa kwanza na wa pili kuna tofauti ya zaidi ya nusu kikombe cha maji katika trei moja ya keki 12. Mwenye ndizi kubwa atalaumu oveni. Mwenye ndizi ndogo atalaumu unga. Oveni na unga havina kosa.

Ndizi zikizidi hutokea hivi. Keki inapanda vizuri, juu inapata rangi, unafurahi. Ukiitoa inabonyea katikati. Ukiikata, chini kuna tabaka la kahawia lililoshikamana, linanata kama ugali ambao haujaiva. Watu husema haijaiva, wanairudisha ndani dakika 10, juu kunakauka na chini kunabaki vile vile. Tatizo si dakika. Maji yakizidi, na sukari ya ndizi ikazidi pamoja nayo, wanga wa unga na yai vinachelewa kushika. Gesi inainua keki kabla kuta zake hazijapata nguvu ya kusimama, kisha inatoroka na keki inakaa chini. Ndizi zikipungua nazo, keki inakuwa kavu, inamong'onyoka, na unaweza kuonja ladha ya sabuni. Ladha hiyo ni ya beking soda iliyokosa asidi ya kuimaliza, na asidi katika rojo hili inatoka kwenye ndizi.

Sasa chukueni kalamu. Kwa mafini 12: ndizi zilizomenywa gramu 300, unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 110, mafuta ya kupikia mililita 75, yai moja kubwa, beking soda nusu kijiko cha chai, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na mlima. Mafuta, si siagi, kwa sababu siagi huganda keki ikipoa na mafuta hayagandi; kesho yake utaona tofauti.

Najua kuna mtu anasema hana mizani. Kikombe cha kupimia unacho. Kikombe cha mililita 240 kikijaa ndizi iliyopondwa kinabeba kama gramu 225, kwa hiyo gramu 300 ni kikombe kimoja na theluthi. Ponda kwanza, ndipo upime. Vipande vinaacha nafasi katikati na kikombe kinakudanganya. Zikibaki ndizi gramu 40, zitafune. Usizitie kwa huruma eti zisiharibike. Huruma hiyo ndiyo inayoharibu trei.

Na kuna anayesema waliotufundisha kupika hawakupima kitu. Walipima kwa jicho, na jicho lao lilizoea ndizi za aina moja, bakuli moja na mwiko mmoja kwa miaka. Wewe unanunua ndizi ndefu wiki hii, wiki ijayo fupi. Jicho lako litazoea nini?

Haya, kuiva. Ndizi ya njano safi haifai. Ndizi mbichi ina wanga wa asilimia 20 hivi. Inapoiva, vimeng'enya, yaani protini zinazovunja vunja chakula, vinaugeuza wanga huo kuwa sukari mpaka unabaki asilimia moja au mbili. Katika gramu 300 za ndizi zilizoiva sana mna zaidi ya gramu 40 za sukari, ndiyo maana nimeandika 110 na sikuandika 150. Tafuteni ganda lenye madoa meusi zaidi ya nusu, au jeusi lote, na nyama laini ambayo uma unaipita bila kusukumwa. Pondeni mpaka ing'ae na kumiminika polepole kutoka kwenye uma. Vipande vya ukubwa wa harage havina neno. Harufu iwe nzito, tamu, na ukivuta vizuri utakuta kama karafuu kwa mbali. Si ndoto, eujenoli, kemikali ya harufu iliyomo kwenye karafuu, imo na katika harufu ya ndizi. Ikinuka pombe, ikivuja maji, au ukiona ukungu kwenye kikonyo au palipopasuka, tupa. Nyama ya kahawia si uozo.

Kuna ujanja wa kuweka ndizi ya njano kwenye oveni mpaka ganda liwe jeusi. Inalainika, ndiyo. Lakini joto linaua vile vimeng'enya kabla havijamaliza kazi, kwa hiyo unapata ulaini bila utamu wote. Afadhali uzifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaha bivu, usubiri siku moja mbili.

Naambiwa muda unakwisha, kwa hiyo haraka. Vikavu vichungwe pamoja katika bakuli moja. Ndizi, sukari, yai na mafuta bakuli la pili. Unganisha kwa mwiko, mikorogo 12 hadi 15, na uache mara tu unga mkavu usipoonekana. Madonge madogo yaacheni. Ukikoroga mpaka rojo liwe laini kama uji, gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, inakaza, na keki inatoka na kichwa kilichochongoka na mashimo marefu ndani kama njia za mchwa. Beking soda inaanza kazi ikigusa ndizi, kwa hiyo oveni iwe imeshafika nyuzi 190 za Selsiasi kabla hujaunganisha. Jaza vishimo vya trei robo tatu. Dakika 18 hadi 20. Kijiti kitoke na chembe chache zenye unyevu. Rojo bichi lisiwepo. Ziache kwenye trei dakika 5, si zaidi, kisha ziweke kwenye wavu, la sivyo mvuke utalowesha chini.

Ya kugandisha ndizi nitasema moja tu: menya kwanza, pima gramu 300 kwa kila mfuko, andika juu yake. Zikiyeyuka zitatoa maji ya kahawia. Usiyamwage, yalikuwa ndani ya zile gramu 300 na utamu umo humo.

Leteni trei. Ya kushoto ina gramu 384 za ndizi, ya kulia 300, vingine vyote sawa, dakika sawa. Nani ana kisu? Kata kutoka juu mpaka chini, usibonyeze. Sasa zipindueni mzitazame chini, kisha mzipitishe nyuma.