Mbona sijawaonyesha wodi za huku Sweden

Haya jamani, kila video swali ni lilelile, "dada tuingize hospitali za huko tuone". Leo najibu yaishe. Kwanza wodini kamera siingizi, mgonjwa akitokea kwenye video yangu kesi ni yangu. Pili nikionyesha mtasema najidai, nisipoonyesha nabania, sasa nishike lipi?

Basi nawasimulia. Hapa Stockholm, upande wa Solna, kuna hospitali kubwa ya Karolinska, jengo jipya, ilianza kupokea wagonjwa 2016. Sifanyi kazi pale, nilikwenda kumwona shoga yangu. Ile wodi ya vitanda mstari mzima mliyoizoea, hakuna! Kila mgonjwa chumba chake, choo na bafu humohumo, na nafasi ya ndugu kulala. Mlango wa choo mpana, chini hakuna kizingiti, kiti cha magurudumu kinapita moja kwa moja. Na wala sio anasa, wanazuia maambukizi yasihame kitanda hiki kwenda kile. Toroli za mashuka na taka nazo zina njia zake na lifti zake, tena zinajiendesha zenyewe, na sampuli za damu zinafyonzwa kwenye mabomba ya hewa mpaka maabara.

Ila msianze oh Muhimbili nao wajenge hivyo. Vyumba hivi vinataka manesi wengi, maana nesi hakuoni mpaka afungue mlango, na ukidondoka chooni hakuna jirani wa kitanda cha pili wa kukuitia mtu. Mimi niliwahi kulazwa, sio hapo, chumba peke yangu, nikamiss hata kelele za wodi ya kwetu. Na hela! Ile ya Solna ilijengwa kwa mkataba na kampuni binafsi unaoenda mpaka 2040, na Wasweden wenyewe wameipigia kelele gharama yake sana.

Halafu kuna makaratasi. Ukiwa na namba ya utambulisho ya huku, kulazwa unalipa ada ndogo tu kwa siku. Yangu ilikwama kwenye ofisi moja siitaji, mara wanataka cheti cha ndoa, nikipeleka wanataka chenye mhuri mwingine, benki nayo bila namba ikagoma kunifungulia akaunti, na mshahara bila akaunti unaingia wapi? Na wakati huo kuna ndugu yangu, anajijua, ananiandikia "tuma basi, si uko Ulaya".

Kuna wenzangu namba walipata fasta, kwa hiyo yangu msiifanye sheria. Mnaokuja, vyeti tafsirini na kugongesha mihuri kabla ya kupanda ndege. Mimi ingenisaidia, wewe sijui.