Nyusi za Simba

Haya, washeni taa. Asanteni.

Vipande viwili mlivyoona ni tukio lile lile la filamu ya The Lion King: mtoto Simba amemkuta baba yake amelala korongoni, anamwamsha, haamki. Cha kwanza ni cha mwaka 1994, kimechorwa kwa mkono. Cha pili ni cha 2019, kila unywele umetoka kwenye kompyuta. Cha kwanza kilipokuwa kinaendelea, humu ndani palikuwa kimya. Cha pili kilipofika katikati, mtu akasema, "Dah, manyoya yale!" Simlaumu. Manyoya yale ni kazi ya mafundi hasa. Lakini mtoto wa watu amefiwa na baba, na wewe unatazama manyoya.

Simba wa kweli hana nyusi. Wachoraji wa 1994 walilijua hilo fika. Waliletewa simba hai studio wakamchora akiwa mbele yao, na baadhi ya watengenezaji walisafiri hadi Kenya, wakaiona Hell's Gate, hifadhi yenye makorongo. Walijifunza bega linavyopanda mnyama anapotembea na uzito unavyohama mguu hadi mguu. Walipokwisha kujifunza, wakampachika Simba wao nyusi. Kwa makusudi kabisa! Wakampa na weupe wa macho, tujue anatazama wapi, na midomo inayoweza kutetemeka. Kirudieni kipande cha kwanza mkifika nyumbani: nyusi zinapanda katikati kabla mtoto hajatoa neno. Sisi tumeshajua, yeye bado anabembeleza.

Jon Favreau, mwongozaji wa 2019, aliamua kwamba uso wa mnyama usifanye kitu ambacho mnyama wa kweli hafanyi. Isipokuwa kuongea. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu sauti inakatika kwa kilio huku uso umetulia kama wa paka anayeota jua. Na msiniambie shida ni waigizaji. Sauti ya Mufasa, baba yake Simba, katika filamu zote mbili ni ya mtu mmoja, James Earl Jones. Sauti ile ile, nyuso mbili, na ya pili hainifikii.

Sisemi simba wa kweli hana hisia usoni. Akighadhibika masikio yanalala nyuma na pua inakunjamana. Akinusa mkojo wa jike anakunja mdomo wa juu hadi meno yaonekane. Ila uso ule haukuumbwa utueleze sisi habari za msiba.

Halafu uhalisia wenyewe ni wa kuchagua. Scar wa 1994, ami yake Simba aliyemuua Mufasa, ana manyoya meusi shingoni ili hata mtoto wa miaka minne ajue mbaya ni nani. Watafiti wa simba Peyton West na Craig Packer walifanya majaribio Serengeti kwa masanamu ya simba, wakachapisha matokeo mwaka 2002: majike walimwendea zaidi dume mwenye manyoya meusi, na weusi ule huenda pamoja na lishe nzuri. Kwa majike wa Serengeti, Scar ndiye bwana harusi! Filamu ya 2019 ikamkondesha, ikampunguzia manyoya. Sawa. Lakini dume kijana hufukuzwa kundini akiwa na miaka miwili au mitatu, wala harudi kurithi kiti cha baba. Hilo hawakuligusa, maana wangeligusa hadithi ingekufa. Kwa hiyo ngozi ni ya mbugani, mambo ya ndani ni ya ikulu.

Nyimbo ndizo zilizoumia zaidi. Wimbo wa Simba mdogo kutamani ufalme, kwenye katuni, mbingu inabadilika rangi na wanyama wanapandana kama mnara. Mwaka 2019 watoto wanakimbia katikati ya miguu ya wanyama, basi. Wimbo wa Scar, wenye fisi wakipiga gwaride kwenye moshi wa kijani, umebaki karibu maneno matupu.

Kosa si la kompyuta. Nyumbu wanaoteremka korongoni mwaka 1994 walitengenezwa kwa kompyuta, kazi ya zaidi ya miaka miwili kwa dakika zisizofika tatu. Na filamu ya 2019 nayo ni katuni, hata kama mabango hayakusema hivyo. Mpiga picha Caleb Deschanel alisukuma kamera ndani ya jengo huko Los Angeles, mbuga yote ikiwa ndani ya miwani ya kompyuta. Picha iliyopigwa kweli ni moja tu, jua linapochomoza mwanzoni. Mtu aliyebuni kila jani angeweza kubuni na nyusi.

Mtasema iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, mwalimu analalamika nini? Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 2024 ikaja filamu nyingine, Mufasa, ya mwongozaji Barry Jenkins, ambamo kwa macho yangu nyuso zimeachiwa kidogo.

Nakaribisha maswali. Dada wa pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipomtaja Scar.