"Kaka, mbona hutuletei Lego?" Haya, nimejibu

Nimekuja likizo Kirumba, Mwanza, ziwa hilo nyuma yangu, na bado swali ni lilelile kuhusu Lego, vile vitofali vya plastiki vya watoto kuunganisha: "Kaka, unaishi Denmark kwenye Lego zenyewe, mbona hutuletei tuuze?" Nikitaja pesa mtasema najishaua, nikitaja hasara mtasema nalialia. Semeni tu.

Nilileta jamani. Boksi moja la mtumba, nilikuwa naokota mojamoja kwenye minada ya Jumapili, risiti sina. Forodha wakataka risiti. Huna? Thamani wanakadiria wao, ushuru juu yake, halafu VAT 18% inapigwa mpaka kwenye ushuru wenyewe. Siku 19 nahangaika na makaratasi kwa ajili ya vitofali vya plastiki!

Dada akaviweka kibandani Makoroboi. Wateja wanageuzageuza: "Mbona hayana Elsa?" Yule wa katuni ya Frozen. Pembeni yake mabegi ya shule yenye Elsa, feki tupu, yanaondoka kama karanga.

Nikakaa nikawaza. Filamu ya kwanza ya Lego kuingia sinema, 2014, iliingiza kama dola milioni 468. Cars, katuni ya magari ya kampuni ya Pixar, 2006, milioni 460 na kitu. Karibu sawa, sivyo? Ila vigari na mabegi ya Cars, miaka mitano tu, vikauzwa karibu dola bilioni 10. Pale filamu ni chambo, samaki wanamvulia dukani. Lego walishauza miaka na miaka kabla ya filamu, maana tofali la 1958 linashikana na la leo. Mtoto wa kule analikuta kwa babu yake. Babu yangu mimi alichezea gari la waya. Huku mdoli lazima utambulishwe na katuni kwanza.

Na msidhani Lego hawategemei filamu za watu. Walikuwa wanatengeneza seti za Star Wars na Harry Potter. 2003 hazikutoka filamu hizo, na mwaka huohuo wakala hasara kubwa. Ndiyo wamenyanyuka, 2024 wameingiza krone (pesa ya Denmark) bilioni 74.3, lakini mimi sina mtaji wa kusubiri kunyanyuka.

Hayo ni yangu. Wewe pengine una mtu bandarini, una fremu nzuri, jaribu, usije kusema nilikukataza. Vitofali viko Igoma, mpwa wangu kajengea mtumbwi.

Na wewe shemeji unayeniandikia "umesahau kwenu" kwa akaunti isiyo na picha, nakujua. Elfu themanini ya kutolea mzigo uliipokea wewe, na chenji sijaiona.