Kusoma ncha za mnyororo wa polima kwa spektrometa ya masi

Ndugu wasikilizaji, tuishike polima moja tu: polietileni glaikoli, PEG, yenye masi ya karibu 2,000. Ndani ya kichupa mna minyororo ya urefu mbalimbali, ndiyo maana spektra yake ni msururu wa vilele vinavyopishana kwa daltoni (kipimo cha masi ya molekuli) 44.026, yaani monoma moja, kipande kinachojirudia kwenye mnyororo. Pengo hilo linakutajia polima. Utamu wenyewe uko kwenye baki, yaani masi inayosalia ukishaondoa monoma zote na ayoni iliyoshikamana na mnyororo.

Chukueni kilele cha 2,022.18. Toa sodiamu iliyoupa mnyororo chaji, 22.99, toa monoma 45, yaani 1,981.18. Linabaki 18.01: ncha moja ni H, ya pili OH. Baki likiwa 32.03, ncha moja ina methili. Likiwa sifuri, mnyororo umejifunga duara, au umepoteza maji nchani. Masi peke yake haitenganishi hayo mawili.

Kuandaa sampuli: PEG miligramu 10 kwa mililita, matriksi ya DCTB (kemikali inayofyonza nishati ya leza na kuirusha polima) miligramu 20, trifluoroasetati ya sodiamu miligramu 1, zote katika kiyeyushi cha THF. Changanya mikrolita 10 za matriksi na 1 ya polima na 1 ya chumvi, kisha dondosha 1 kwenye bamba. Viyeyushi vikitofautiana, polima huganda peke yake pembeni na leza hupiga matriksi tupu. Nguvu ya leza ipandishwe polepole, uishie juu kidogo ya pale ishara inapoanza. Ukizidisha, vilele hupanuka na ncha dhaifu, kama za bromini, hung'oka. Utaripoti ncha ambazo hazikuwamo.

Polistireni haina oksijeni ya kushika sodiamu, hivyo itakeni chumvi ya fedha, inayoshikamana na pete zake za benzini.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Vilele vidogo vikitokea 15.97 juu ya vikubwa, msikimbilie kusema polima imeoksidika. Mara nyingi ni potasiamu, uchafu wa vyombo au wa chumvi, iliyokaa mahali pa sodiamu. Oksijeni ingeongeza 15.995, na kifaa kisichosawazishwa vizuri hakioni tofauti hiyo. Tieni chumvi ya potasiamu kidogo katika sampuli ya pili: vilele vikikua, jibu mmelipata.

Wastani wa masi, hapana, msiuamini ikiwa mtawanyiko (wastani wa masi kwa uzito ukigawanywa kwa wastani kwa idadi) umezidi takriban 1.2. Minyororo mifupi hufika kwenye kigunduzi kwa wingi, mirefu hupotea, na wastani hushuka. Sampuli ya namna hiyo ipitisheni kwanza kwenye safu ya jeli, inayotenganisha minyororo kwa ukubwa, mkusanye mafungu membamba, ndipo kila fungu lipimwe peke yake.