Programu Inayosafiri na Mkalimani Wake

Ndugu wasikilizaji, naomba nianzie Kariakoo, kwenye duka la vipuri ambalo niliwahi kuliandikia skripti ya Python (lugha ya kuandikia programu) ya kuhesabu bidhaa na mauzo. Kwangu Sinza ilifanya kazi vizuri. Dukani haikufunguka kabisa, kwa sababu kompyuta ya pale haikuwa na Python, na mwenye duka, ambaye simlaumu, hakuona kwa nini ajifunze kuisakinisha.

Dawa yake ni PyInstaller, zana ya kufungasha skripti ili ifunguke hata kwenye kompyuta isiyo na Python. Wengi hudhani kwamba hugeuza msimbo wetu kuwa lugha ya mashine. Sivyo. Skripti ya Python huhitaji mkalimani, yaani programu ya kuisoma na kuitekeleza, na PyInstaller humfungasha mkalimani huyo pamoja na maktaba ambazo skripti inazitumia, ili wote wasafiri katika mzigo mmoja. Ndiyo maana skripti ya mistari 20 huzaa faili ya megabaiti kadhaa, na ndiyo maana vilevile msimbo uliofungashwa haujafichika: mwenye ujuzi ataufumua, kwa hiyo msiache humo nenosiri la hifadhidata. Nuitka, zana nyingine inayopitia lugha ya C, iko karibu zaidi na kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, ingawa itawaweka mkingoja.

Mimi nilinaswa kwingine. Ukichagua kupata faili moja, kila programu inapofunguliwa yaliyomo hutolewa kwanza kwenye folda ya muda, ambayo njia yake msimbo huisoma katika kigezo kiitwacho sys._MEIPASS, na folda hiyo hufutwa programu inapofungwa. Nami, kwa kutojua, nilikuwa nimeifungasha hifadhidata humohumo. Mauzo ya siku nzima yakaandikwa kwenye folda ya muda, na jioni, mwenye duka alipofunga programu, yakapotea yote. Tulikesha tukiyaandika upya kutoka kwenye risiti. Faili za kusomwa tu ziingie kwenye mzigo. Zinazoandikwa zikae kwenye folda ya mtumiaji.

Tena PyInstaller haitoi programu ya Windows mkiwa kwenye Linux, wala mkalimani mpya hakubali kila mfumo wa zamani: Python 3.9 na zilizofuata hazifanyi kazi kwenye Windows 7, nayo kompyuta ya duka ilikuwa hiyohiyo. Ikabidi nibaki kwenye 3.8, nikafungasha upya, safari hii kama folda badala ya faili moja, na ikafunguka haraka zaidi.